Sisikilizi Upande Mmoja

Tarehe 4 Februari

Binti yangu,

Salamu katika Bwana. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi tisa. Ningeweza kusingizia mazishi ya waumini na paa la kanisa linalovuja, lakini ukweli ni kwamba nilidhani mambo yenu yametulia, na penye utulivu sina desturi ya kubisha hodi. Sisi hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua, ila ulimi wake ni mzima kabisa. Wewe u hali gani?

Nimesikia kwake kwamba umeondoka kwa mumeo, unalala nyuma ya chumba cha cherehani cha rafiki yako, na mjukuu wangu amebaki kwa baba yake. Habari hiyo imenitia aibu. Nimepatanisha ndoa za watu kwa miaka thelathini na mmoja, kisha ya binti yangu inavunjika mbele ya macho ya waumini.

Jumatatu mumeo alikuja ofisini. Alivua viatu mlangoni, akaomba nakala ya ukurasa wenu katika daftari la upatanisho, ule mliotia saini nyote wawili chini ya neno "Wamepatana". Nimempa. Ni haki yake, kama ambavyo ni haki yako.

Ikiwa una dukuduku, mlango u wazi. Lakini kanuni yangu unaijua tangu utotoni: sisikilizi upande mmoja. Njooni wawili.

Baba yako.


Tarehe 19 Februari

Shikamoo, Baba.

Mimi mzima. Mwambie Mama gauni lake liko tayari. Nimeliwekea mifuko miwili, mmoja wa miwani na mmoja wa pipi anazokuficha.

Baba, kabla ya kuja wawili nilikuja mmoja. Ilikuwa Jumanne, mvua inanyesha. Mume wangu alikuwa akinifungia kwa kufuli kila alipokwenda kufundisha kwaya, na siku hiyo alikuwa amelisahau. Nilisimama kizingitini, nawe hukuinua macho kwenye mahubiri uliyokuwa ukiandika. Nikasema nina shida na mume wangu. Ukauliza, "Yuko wapi?" Nikasema yuko kwenye kwaya. Ukasema, "Basi rudi, uje naye. Nikikusikiliza wewe leo, kesho nitamtazama yeye kwa jicho lako." Hukunipa kiti. Nguo zilinidondoka maji sakafuni kwako, hadi uliponiambia nirudishe mlango nikitoka.

Nilipofika nyumbani, nilimkuta ameshafika. Aliubana mkono wangu wa kulia kwa mlango ule ule niliotokea.

Jumamosi tulikuja wawili, kama ulivyotaka. Njiani aliniambia kwa upole, kama anavyosema na wanakwaya wake, "Sema utakalo. Baba yako atabaki ofisini kwake, sisi tutarudi nyumbani." Uliniuliza mara tatu kama nina neno. Nikasema sina. Nilitia saini kwa mkono wa kushoto, nawe hukuuliza kwa nini.

Mwezi uliopita nilitokea dirishani. Mtoto alikuwa shuleni. Nilipofika kumchukua, baba yake alikuwa amenitangulia.

Baraza la wazee wa kanisa litakaa tarehe 2 mwezi ujao. Afisa wa ustawi wa jamii anasema hataamua mtoto akae wapi mpaka aone barua ya baraza, na mume wangu atakuja na ukurasa wako. Nakuomba jambo moja tu. Simama, useme hukulisikia neno langu.

Mwanao.


Tarehe 5 Machi

Shikamoo, Baba.

Barua yangu hukuijibu, nikajipa moyo kwamba utaijibu barazani. Ulikaa mstari wa mbele, daftari mapajani. Katibu aliposoma "Wamepatana", mzee fundi seremala alikugeukia, akauliza, "Mchungaji, huu ni mwandiko wako?" Ukasema, "Ni wangu." Nikangoja. Ukavua miwani, ukaifuta kwa pindo la koti. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu.

Wamenipa siku thelathini niwe nimerudi kwake. Mtoto atakaa huko huko. Alikuwa nje ya kanisa na bibi yake mzaa baba; aliponiona alitaka kunikimbilia, bibi akamshika ukosi wa gauni. Ana miaka sita, Baba. Aliuliza kama nimefungiwa mahali pengine.

Sirudi. Na mambo ya kanuni usiniandikie tena.

Binti wa mkeo.


Tarehe 20 Machi

Binti yangu,

Leo siulizi hali yako. Naijua, na mimi ni sehemu ya sababu yake.

Gauni limefika. Mama yako alilivaa, akatia mkono katika mfuko wa pipi, akasema, "Eti husikilizi upande mmoja. Miaka yote hii umesikiliza upande mmoja tu, wa yule asiyeogopa kusema." Tangu siku hiyo ananiandalia mezani, kisha yeye anakula jikoni.

Jumamosi ile niliiona bandeji yako. Mwanzo nilijiambia ni sindano ya cherehani. Kisha nikakuona unashika kalamu kwa mkono wa kushoto, nikajua. Nilijua, binti yangu. Lakini kama ningeuliza, ningekuwa baba mbele ya mumeo, nami nilitaka kuwa mwamuzi. Tena daftari langu halikuwa na ukurasa hata mmoja ulioshindikana, na sikutaka wa kwanza utoke nyumbani kwangu. Barazani nilifuta miwani kwa sababu hiyo hiyo. Haikuwa na vumbi.

Wiki hii nilimwomba mwenyekiti aliitishe baraza tena. Limekaa jana. Nilisimama, nikasema, "Ukurasa huu niliuandika mimi, nao si wa kweli. Binti yangu alikuja peke yake, nikamrudisha kwa mtu aliyemuumiza. Alipokuja naye, niliuona mkono wake nikanyamaza." Mumeo akasema, "Mzee amelemewa na damu yake." Seremala alinitazama mimi, akauliza, "Na kurasa nyingine, Mchungaji?"

Nikasema sijui.

Usiniulize ni wanawake wangapi walioniambia "sina neno" nikaandika kwamba wamepatana. Mmoja wao hufagia kanisa. Leo asubuhi aliniamkia, nikaitikia nikitazama ufagio.

Wamelichukua daftari pamoja na funguo za ofisi. Watakaa Jumapili kuamua mambo mawili: barua ya kumpa afisa kuhusu mtoto, na kama nitaendelea kuwa mchungaji. Hilo la pili lisikusumbue. Nimewaomba waanze na la kwanza.

Nyumbani bado nina meza na viti viwili. Ukitaka kuja kabla ya Jumapili, njoo peke yako. Kwanza nitakupa kiti. Usipotaka kuja, sitakulaumu, wala sitamtuma mama yako akubembeleze.

Wakishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, liwe la heri au la kuniumbua. Safari hii sitakawia.

Baba yako, ukikubali bado kuniita hivyo.