Mshale wa Kompyuta ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za baba, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Natumai wewe, wifi na watoto mmeamka salama, na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Mimi bado niko palepale kwenye udobi, mikono imekauka kwa sabuni na mgongo unalia kwa pasi, lakini sijambo. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na ulimi wake ni uleule unaoujua. Juzi alimrudishia muuza magazeti gazeti lake kwa sababu kichwa cha habari kilikosewa herufi, akamtaka amletee lililosahihishwa. Yule kijana alicheka akidhani ni mzaha.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia kwa sababu nyumba yetu unaijua. Nikinong'ona jikoni, baba anajibu akiwa sebuleni. Tena kwenye simu nitalia, nawe hupendi kuliliwa kwenye simu. Nakuomba uketi, usome mpaka mwisho, usirukeruke kama ulivyozoea. Habari yenyewe ni ya ule mshale wa kompyuta. Najua umekuchosha. Mimi umenichosha mpaka nikauota.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Baba alipostaafu kiwandani, wewe ndiye uliyeona kwamba kukaa bure kutamuua, ukamletea ile kompyuta na kumwekea mfumo wa Linux, kwa kuwa, ulisema, haina virusi wala haiwasumbui wazee. Mimi nilidhani itaishia kuwa meza ya kuwekea chai. Kumbe mzee akaipenda! Kiwanda chake kilekile cha uchapaji kikaanza kumletea vitabu vya shule apange kurasa na kusoma prufu, kutafuta makosa kabla ya kuchapwa, hapahapa nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu mama atutoke nyumba ikawa na sauti ya mtu anayefanya jambo. Asubuhi anaoga, anavaa shati nililolipiga pasi, anaaga kabisa kwamba anakwenda kazini, kisha anatoka chumbani na kuketi sebuleni.

Ndiyo maana mshale ulipopotea niliogopa sana. Niliona wazi kwamba akishindwa kazi ile, kiwanda kitampa mwingine, na baba asiye na ukurasa wa kusahihisha hatakaa sana nasi.

Siku ile ya kwanza alinipigia nikiwa nimezungukwa na mashuka ya hoteli. Akaniambia kwamba kwenye skrini ya kuingilia mshale upo, umesimama katikati kwa adabu zake, lakini akishaandika neno la siri na kuingia ndani, haupo. Saa anaiona, kurasa anaziona, mshale tu ndio umeingia mitini. Alisema amekisukuma kile kipanya mpaka meza imepata joto. Jioni nikakupigia, nawe ukagundua kwamba alikuwa ameunganisha kompyuta na televisheni ili aone picha za wajukuu vizuri, na hata baada ya kuchomoa waya, kompyuta iliendelea kudhani kuna skrini ya pili upande wa kulia. Mshale ulikuwa unatembea huko kwenye skrini isiyokuwepo. Tukaifuta ile skrini ya pili kwenye mipangilio, mshale ukarudi, baba akapiga makofi kama mtoto.

Kisha mkaongea, wewe na yeye. Nilikwenda kupika, nikarudi, nikawakuta bado mnaongea. Wewe ambaye kwa miaka ulikuwa unauliza tu kama mzee hajambo, kisha unaniambia nimpe salamu zako. Yeye ambaye akipewa simu alikuwa anashukuru na kunirudishia kabla hujamaliza sentensi. Nilifurahi mpaka nikaunguza wali.

Haukupita muda mshale ukapotea tena. Hapo ndipo mimi na wewe tulipoanza ile kazi yetu ya upofu. Ukaniambia nibadilishe betri ya kipanya, nikabadilisha. Ukasema tutafute kipanya cha waya, nikaazima cha mhasibu wetu wa pale kazini. Ukanifundisha kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja ili skrini iwe nyeusi, kisha kubonyeza tena ili irudi. Ukanifanya niandike zile amri ndefu kwenye lile dirisha jeusi, mimi mtu wa pasi, nikiogopa kwamba nikikosea herufi moja nitalipua mtaa. Tukaingia kwa njia nyingine ya kuingilia, ile ya zamani, tukasasisha kila kilichosasishika. Na kila mara ilikuwa hivihivi: baba ananiita, naja, naketi, nakishika kipanya, na mshale huo hapo. Baba anasema ah, umerudi, mshale huu unaogopa mkono wako. Naondoka, unapotea.

Wewe ukasema hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa vile ulisema wewe, niliamini.

Mambo yakaanza kuharibika. Kurasa zikawa zinachelewa. Msimamizi wa kiwanda akapita nyumbani kwa heshima zote, akauliza kama mzee angependa kupumzika kidogo, na baba akamjibu kwamba atapumzika kompyuta ikipona. Mimi nilikuwa nimechoka. Asubuhi moja aliponiita nikiwa nimeshavaa viatu, nilimwambia kwa ukali kwamba mshale si mbuzi hata nimfunge kamba. Aliniambia niwahi kazini. Neno lile nalijutia mpaka leo.

Utaniuliza mbona sikushuku macho. Kaka, nani angeshuku macho ya baba? Unajua kwetu macho yanapimwaje. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anatushikisha kiberiti na kutusomesha yale maandishi madogo ya pembeni, na anayeyasoma basi amepona, aende akacheze. Yeye mwenyewe mpaka sasa anayasoma bila miwani. Karatasi ya ndani ya boksi la dawa ananisomea yeye. Mtu anayeniita Nukta kwa kuwa nilikuja mwisho bado anaiona nukta halisi iliyosahauliwa mwishoni mwa ukurasa, na anaudhika nayo mpaka wakati wa kulala. Mtu wa namna hiyo akikwambia mshale haupo, unaitengeneza kompyuta.

Mengine yalikuwepo, tukayapa majina mengine. Alikuwa anajigonga bega kwenye mlango wa jikoni, nikasema mlango ni mwembamba. Aliangusha kikombe kilichokuwa karibu na kiwiko chake, nikasema nimekiweka vibaya. Fundi cherehani wa jirani alinilalamikia kwamba baba anampita bila salamu, eti tangu apate kompyuta ameanza kuringa. Nilipomfikishia baba, alisema yule fundi anasalimia kwa sauti ya mbu, atamsikiaje? Tukacheka wote wawili.

Ukaniomba picha. Ile ya kwanza uliikataa, ukanieleza kwamba kompyuta ikijipiga picha yenyewe mara nyingi haiuweki mshale, kwa hiyo niipige skrini kwa simu, wakati uleule anaposema umepotea, bila kugusa chochote. Nilifanya ulivyosema. Asubuhi baba akaingia, akaandika neno lake la siri, akasubiri, akasema haya, umekwenda. Nikapiga picha nikiwa nyuma ya kiti chake. Nikaitazama ili nikutumie.

Mshale ulikuwepo. Pembeni juu, upande wa kulia, mweupe kabisa. Nikainua macho kutoka kwenye simu, nikatazama skrini yenyewe. Ulikuwepo palepale. Tena ulikuwa unatikisika, kwa sababu baba alikuwa anakitikisa kipanya, huku akitazama katikati ya skrini na kunieleza kwamba bado haupo, labda tukupigie wewe.

Nilinyoosha mkono wangu pembeni ya uso wake, karibu na sikio, nikauleta mbele polepole. Yeye alikuwa anaendelea kuniambia habari za mwandishi mmoja wa kitabu cha jiografia asiyejua kutumia mkato. Mkono ulipita sikio, ukapita jicho, hakugeuka. Ulipokaribia pua ndipo aliposhtuka na kuniuliza nimetokea wapi. Nilimjibu kwamba nimemwona mbu. Kisha nikaenda chooni nikafungulia bomba ili asisikie.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho kwa uongo, nikisema kiwanda kinataka cheti. Daktari ni mama mmoja mpole, hana haraka. Alimpa baba ubao wa herufi, naye baba akazisoma zote mpaka mstari wa chini kabisa, akamweleza pia kwamba herufi ya mwisho imechapwa vibaya. Nilianza kupata tumaini la kijinga. Kisha daktari akamketisha kwenye mashine moja kama bakuli, akamwekea kitufe mkononi, akamwambia abonyeze kila atakapoona kitaa kidogo. Kaka, nilikuwa nimeketi nyuma yake. Niliisikia mashine ikitoa mlio wake, ikatoa tena, ikatoa tena, na kidole cha baba kimetulia juu ya kitufe. Alikuwa amekaa wima, mtiifu kabisa, anangoja vitaa vianze.

Ni presha ya macho. Daktari alinichorea kwamba inakula pembeni kwanza na katikati inaacha mpaka mwisho, ndiyo maana anasoma. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mshale ukisimama katikati anauona, ukitoka hapo kwake haupo. Mimi nikija na kukishika kipanya naupeleka katikati, basi kwake umerudi. Kilichokwenda hakirudi, alisema, dawa za matone ni za kulinda kilichobaki, nacho ni kidogo. Nilimuuliza kama tungekuja mapema tungewahi. Aliniambia tungewahi, ndiyo. Sijui nimfanye nini mtu aliyenijibu kweli.

Na kuna neno jingine, nalo ndilo la kwako. Daktari aliuliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyepoteza macho. Nikamtaja babu, ambaye tuliambiwa siku zote kwamba alipofushwa na vumbi la shamba. Daktari akatikisa kichwa, akaniambia nami niketi kwenye ile mashine. Jicho langu la kushoto limeanza. Ni pembeni kidogo tu, wala sihisi lolote, na matone nimeshaanza. Nakuomba kwa mapenzi ya mama yetu, nenda kapimwe, wewe na watoto kila mmoja kwa wakati wake. Usishike kiberiti ukajisomea ukajipa moyo. Waambie wakuketishe kwenye bakuli.

Tulipotoka nilidhani nitambeba baba kwa maneno, kumbe yeye ndiye aliyenibeba. Tulikaa kwenye benchi la nje ya hospitali, akaniambia nisilie, kwamba alikuwa anajua. Si jina la ugonjwa, ila alikuwa anajua. Alisema ile mara ya kwanza mshale ulipotea kweli. Mara ya pili alitafuta, akapata mashaka, akageuza kichwa huku na huku, na akauona uko pembeni. Akafahamu kwamba tatizo ni lake.

Nikamuuliza kwa nini basi alituacha tuhangaike na betri na nyaya na amri. Akasema kwamba mshale ulipopotea mara ya kwanza, ulizungumza naye jioni ileile. Na kesho yake ukapiga. Ukamuuliza amekula nini, ukamsimulia habari za kazi yako, ukacheka. Akasema hajui mtu anamwambiaje mwanawe mkubwa kwamba anataka tu kumsikia. Mshale ulikuwa rahisi zaidi.

Sikukuandikia haya ili nikulaumu. Hata mimi ninayelala chumba cha pili sikujua.

Kompyuta sasa ni nzima. Nimeukuza mshale mpaka ukubwa wa mwisho, nimeupaka wekundu, na kurasa zake nimezisogeza zote katikati ya skrini. Anauona. Kazi inakwenda polepole lakini inakwenda, na msimamizi amekubali kumvumilia kadiri macho yatakavyomruhusu. Nilitaka kukupa habari hiyo njema siku ileile, nikashika simu, baba akaniwekea mkono. Aliniomba nisikwambie kwamba mshale umepatikana.

Jioni hii amekaa kando ya simu. Mshale uko mbele yake, mkubwa, mwekundu, anauona vizuri kabisa, na ananiuliza kama nimekuarifu kwamba leo tena umepotea. Nimemjibu kwamba nimekuarifu.

Nisalimie wifi, na watoto wote waambie shangazi anawabusu. Ukae na afya njema, kaka, na macho yako yatunzwe.

Ni mimi mdogo wako,
Nukta