Boga Lenye Jina la Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na shemeji na watoto wazima. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Tangu jana nakupigia, simu haipatikani. Barua hii nampa dereva wa gari la miche, nimemsihi akukabidhi mkononi.

Kazi yangu hapa kitaluni unaijua: nachavusha maua ya maboga na kuandika vibao. Chotara tunamwandika kwa wazazi wake, mama kwanza, alama ya kuzidisha, kisha baba. Aina mpya ikikubalika hupewa jina lake lenyewe, ndani ya alama za kunukuu. Chotara wangu alipokubalika, Mkuu wa kitalu, mzee asiye na maneno mengi, alisema jina nichague mimi. Nikachagua la marehemu mama. Nililia, Dada. Baadaye mbegu zikahitajika zaidi, nikarudia kuchavusha, na baadhi ya hizo ndizo nilizokuletea.

Juzi mpishi wetu alipika boga la mbegu hizo. Alionja, akatema, akasema ni chungu kama dawa. Fundi bomba, yule anayejisifu kuwa tumbo lake ni la chuma, alicheka akamaliza sahani. Kabla ya jioni alikuwa hospitali, anatapika damu.

Mkuu aliniita, kibao kikiwa mezani. Aliuliza neno moja tu: "Baba yake nani?" Nilimsomea kibao.

Dada, kibao kinadanganya. Siku ile ya kurudia kuchavusha nilisahau kulifunga ua ili nyuki wasilete chavua ya kwingine. Nililikuta wazi, nyuki wamo ndani, na hatua chache kutoka pale kuna vibuyu vya mapambo, vichungu, vyenye sumu. Niliogopa kufokewa, nikaandika baba niliyemtaka.

Jana nilirudi kwa Mkuu, nikasema yote. Hakufoka. Alilifuta jina la mama yetu kibaoni kwa kidole gumba, taratibu, akasema, "Huyu siye." Kisha akauliza mbegu zimefika kwa nani. Nje ya kitalu, ni kwako tu.

Chonde, maboga hayo msiyale. Kuyachemsha hakuondoi sumu. Yang'oeni yote, mchome. Kama mmeshakula, kimbilieni hospitali sasa hivi, barua utaimalizia njiani.

Fundi bomba bado amelazwa. Leo ameomba maji. Kazi sijui kama ninayo, wala siiulizi.

Mpe dereva neno moja tu: hatujala. Akirudi mikono mitupu, napanda gari naye.

Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda