Ndoana Aliyoondoka Nayo Sangara

Tata,

Jumamosi niliipeleka boti yako kisiwani Bumbire, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kaka Deo alikuwa ameshatangaza nyumbani Kahororo kwamba wageni wanaokodi boti kuvua hawatamwamini mwanamke, boti iuzwe. Nikamwambia apande, akae kwenye mashine, aone mwenyewe.

Mgeni alikuwa mzee mpole kutoka Dar, wa wale wanaovua, wanapiga picha na kumrudisha samaki ziwani. Unakumbuka watu wa Kashai walivyokucheka ulipoanza kazi hiyo. "Mhaya gani anatupa kitoweo?" Ukawajibu sangara wakubwa ndio wanaozaa, waacheni.

Basi mgeni akanasa sangara mkubwa haswa, urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Nilipomfungua mdomo sikuiona ndoana. Alikuwa ameimeza. Mgeni akasema ndoana ile ameitafuta sana, tuitoe. Deo akaninyooshea plaizi. Tata, niliipokea. Nilitaka waone kwamba naweza.

Kisha nikamkumbuka sangara wangu wa kwanza, niliyemvuta ndoana ikatoka na nyama. Damu ilijaa mashavuni. Hukunigombeza. Ulinifanya nimshike majini mpaka akageuka tumbo juu, halafu tukampika, na wewe ukala ndizi tupu. Nilikununia wiki nzima. Tangu hapo nilikuona kila ndoana ikimezwa unakata mshipi na kuiacha humo.

Nikamrudishia Deo plaizi yake. Nikamwambia mgeni samaki habebwi, picha apige akiwa humohumo majini, na mshipi naukata hapa karibu na mdomo. "Ndoana ni yako, baba, lakini koo ni lake." Alinung'unika. Nikatoa kisu, nikakata. Nikamshika mkia taratibu, mashavu yakaanza kufunguka na kufungika, mpaka akanichapa mkono akazama.

Sijui kama yu hai. Na nilipokuwa natazama yale maji nikatambua kuwa wewe pia hukuwa ukijua. Miaka yote ile nilidhani una hakika. Hapo nililia, Tata, mbele ya mgeni, wala sikuona haya.

Tuliporudi Deo alifunga boti. Kisha akaniuliza kesho tunatoka saa ngapi.

Lala salama. Sitangoja kuwa na hakika ndipo nishike kisu. Nitakata hivyohivyo, kama ulivyokuwa ukikata.

Binti yako,
Koku