Nakala Nne za Mheshimiwa

Kibandani kwangu, chini ya ngazi,
Ijumaa, saa nne asubuhi.

Kwa mdogo wangu mpendwa, Mheshimiwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na Mama. Natumaini mu wazima, na kwamba jicho la Mama linaendelea vizuri tangu walipomtoa bandeji, na ameacha ule mtindo wa kulifunika na kulifunua kila saa aone kama bado lipo. Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Kifua mbele, shingo juu, na hapa mtaani kila anayepita ananisalimia mara mbili, mara moja kwa ajili yangu na mara ya pili kwa ajili yako.

Mdogo wangu, una kaka mwenye bahati, sijui kama unalijua hilo. Wewe ulizaliwa na akili. Mimi nilipofika darasa la saba akili ikaniaga, bahati ikabaki nami. Nilikusimulia kwenye simu ile siku nilipopeleka maombi yako, lakini acha niiandike ikae kwenye karatasi. Ofisi ya wakili wa ghorofani, ambako watu hukaa kwenye benchi mpaka makalio ya suruali yanang'aa, mimi niliikuta tupu. Hakuna foleni. Wakili mwenyewe akanifungulia mlango, akanivutia kiti, akaagiza chai. Akazipitia nakala zako nne: cheti cha shahada, cha shule ya sheria, cha sekondari na cha kuzaliwa. Akasema serikali ikimwacha msichana huyu itajuta. Kisha gonga, sahihi, gonga, sahihi, mara nne, kabla chai haijapoa. Hiyo ndiyo bahati ya kaka yako.

Sasa nakuomba mambo mawili kabla hujaendelea. La kwanza, usimsomee Mama barua hii kwa sauti. Najua amekaa pembeni yako anasubiri vichekesho vyangu. Mwambie mwandiko wangu leo ni wa kuku, mpaka uuchambue kwanza. La pili, usifunge begi la safari mpaka ufike ukurasa wa mwisho. Jana ulipiga simu mara nne sikupokea. Simu haikuwa mbovu. Nilikuwa nayo mkononi, naitazama inavyolia.

Habari ya majina unayo, ila hujui ilivyopokelewa huku. Waliyabandika Ijumaa iliyopita kwenye ubao wa ofisi ya mawakili wa serikali, watu arobaini walioitwa kwenye usaili wa nafasi kumi na mbili za mafunzo. Kinyozi wa jirani aliacha kichwa cha mteja nusu upara nusu msitu, tukaenda naye kuangalia. Jina lako ni la kumi na saba. Nililipigia saluti. Askari wa getini akauliza kama ni mimi niliyeitwa, nikamjibu kwamba aliyeitwa ni damu yangu, kwa hiyo na mimi nimeitwa kidogo. Akacheka, akaniacha nipige picha. Tuliporudi, mama wa chai, ambaye miaka yote hanipi kikombe bila kunisuta, alinipa kikombe na hakunisuta. Alisema sasa mtaa una mtu wa kuusemea. Kinyozi akamwambia yeye hahitaji wa kumsemea, mdomo wake unatosha kwa mahakama tatu.

Nilicheka nao. Lakini najua jina hilo la kumi na saba linabeba nini. Najua umeomba sehemu kumi na moja na kumi hazikujibu. Najua tangazo lilitaka waliomaliza shule ya sheria ndani ya miaka miwili, na miaka yako miwili inaisha mwezi ujao. Baada ya usaili wa Jumatano hakuna mwaka mwingine wa kujaribu.

Jumatatu alikuja karani mwenye miwani, yule wa ofisi hiyohiyo ya mawakili wa serikali anayeniletea kazi ya mihuri ya tarehe. Akakaa kwenye kigoda akisubiri muhuri wake, na mimi, unanijua, mdomo hauna breki, nikaanza kukusifu. Akanipongeza. Halafu, huku anafuta miwani, akasema mwaka huu wakubwa hawana mzaha: kila wakili ambaye muhuri wake umeonekana kwenye vyeti vya mwombaji anaandikiwa barua, aseme kwa maandishi kama kweli ni yeye aliyethibitisha. Mwaka jana vijana watatu walinaswa. Hawakufutwa kwenye orodha tu, majina yao yalipelekwa kwa wanaoapisha mawakili, na mlango ukafungwa moja kwa moja. Mmoja, alisema, sasa anauza vifuniko vya simu, na shahada yake ameitundika ukutani juu ya bidhaa. Akacheka. Na mimi nikacheka, tena nikacheka muda mrefu kuliko yeye. Alipoondoka nikaangalia kazi niliyokuwa naichonga, nikakuta nimeweka mwezi wa kumi na tatu.

Jumanne akaja tarishi na bahasha ya wakili wa ghorofani. Wakili alikuwa bado mji mwingine kwenye kesi. Ofisi yake ikifungwa barua zake huachwa kwangu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuaminika, mtaa mzima unajua. Nikaona imetoka ofisi ya yule karani. Nikaitia kwenye droo.

Sasa kaa, mdogo wangu. Kama umesimama, tafuta kiti.

Vyeti vyako ulivyovituma kwa basi, pamoja na nakala zake, vilinifikia Jumatatu ya wiki ile ya maombi, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri. Jumatatu wakili alikuwepo juu. Jumanne alikuwepo. Jumatano alikuwepo, nilikuwa nasikia viatu vyake juu ya kichwa changu. Sikupanda. Usidhani nilibanwa na kazi. Nilikuwa natembea na cheti chako. Nilikipeleka kwa kinyozi, nikakipeleka duka la dawa, nikakipeleka kijiweni kwa wacheza bao nikawasomea mpaka jina la mkuu wa chuo. Niliwaambia daraja la kwanza mnalisikia kwenye treni tu, leo guseni pembeni mlione. Walinawa mikono kwanza, nikuambie ukweli, nilihakikisha wamenawa. Siku tatu nilikuwa mtu mkubwa kwa karatasi isiyo yangu.

Alhamisi nikapanda ngazi, nikakuta kufuli: alikuwa amesafiri kwenye ile kesi. Ijumaa nikakimbilia kwa wakili wa ng'ambo ya barabara, akasema hathibitishi kitu bila mwenye vyeti kuwa mbele yake. Wa pili ofisi imehama. Nikarudi kibandani saa nane na nusu, jasho mpaka kwenye soksi. Na kwenye droo, Mheshimiwa, ulikuwepo muhuri mpya wa wakili wa ghorofani. Aliuagiza kwangu kwa sababu herufi za ule wa zamani zilikuwa zimelika, na alikuwa hajaja kuuchukua.

Nikafunga mlango wa kibanda. Niligonga mimi. Sahihi nikaiiga kutoka kwenye karatasi aliyoniachia ya kuagizia muhuri. Nakala zote nne. Nikakimbia, nikaikabidhi bahasha yako saa tisa kasoro dakika nne, na kinachonichoma ni kwamba nilirudi napiga mluzi. Nilijiona nimekuokoa.

Bado sijamaliza. Ile bahasha ya Jumanne niliifungua. Niliiweka juu ya mvuke wa birika la mama wa chai, nikamdanganya kwamba gundi yake imeharibika. Ndani kulikuwa na nakala zako na karatasi moja ya kujibu: je, wewe wakili ndiye uliyethibitisha, ndiyo au hapana, tia sahihi na muhuri. Unaona mtego huo? Muhuri ninao. Sahihi naijua. Tarishi atapita kwangu kuchukua majibu. Alama moja tu kwenye ndiyo, na wewe Jumatano unaingia kwenye usaili, na hakuna mtu chini ya jua atakayejua.

Jumatano asubuhi nikaupaka wino, nikajaribu kwanza kwenye gazeti. Ulitoka vizuri, mdogo wangu. Duara limekaa, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Miaka kumi na tisa ya kazi hii sijachonga muhuri mzuri kama ule. Nikainua gazeti kwenye mwanga wa dirisha niuone vizuri, na pembeni ya dirisha ipo ile karatasi yako. Ile uliyoiandika likizo ya mwaka wa pili, ulipomfukuza yule bwana aliyetaka muhuri wa shule bila kibali, mimi nikakununia siku mbili kwa kunifukuzia mteja. Kalamu nyekundu, herufi kubwa: HAPA HATUCHONGI MUHURI WA MTU BILA BARUA YAKE. Tangu siku ile kila mteja mpya namwonyesha, namwambia hiyo ni sheria ya mdogo wangu anayesomea uwakili. Nimejisifia karatasi hiyo kuliko nilivyowahi kuisoma.

Nikauweka muhuri chini. Sitasema nilikuwa shujaa. Nilikaa nikilitazama gazeti mpaka wino ukakauka.

Jana wakili akarudi, nikapanda na bahasha iliyofunguliwa, muhuri na gazeti langu. Foleni ilikuwepo. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya watu saba, na kila mmoja alipoingia nilitamani akae humo mpaka jioni. Zamu yangu ilipofika nikasema yote. Nilianza na utani kidogo, akaninyooshea kidole nikanyamaza.

Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Aliuliza kama wewe unajua. Nikamwambia hujui, nilikudanganya. Akauliza mara ya pili, taratibu, akiniangalia machoni, nikamwapia kwa Mama. Ndipo akasema hatasema uongo kwa ajili yangu wala kwa ajili yako, atajibu hapana, na jibu lake litaondoka Jumatatu saa tano. Lakini alisema pia kwamba mtu anayefika ofisini na ukweli kabla hajaulizwa si sawa na anayenaswa. Kwa hiyo panda basi la kesho au keshokutwa na vyeti vyako halisi. Jumatatu saa mbili uwe kwake, wewe mwenyewe mbele yake, atakuthibitishia nakala nyingine kwa muhuri wake wa zamani. Kisha uende kwa mkono wako mpaka ofisi ile, uwaambie nakala za kwanza si halali, uwape hizo mpya na ile karatasi ya pili iliyomo kwenye bahasha hii. Ni maelezo yangu, mistari tisa, hayana kichekesho hata kimoja. Hii nyingine ndefu ni yako peke yako.

Nilimuuliza kama watakuacha kwenye orodha. Akasema hajui. Nikauliza tena kwa namna nyingine, akasema hajui kwa namna zote.

Nilimwomba akupigie yeye, ana maneno mazuri kuliko mimi. Akakataa. Alisema mdomo uliozungusha cheti mtaani uizungushe na habari hii. Lakini kwa simu ningekuchekesha, ningekuzungusha, tungekata kabla sijasema. Ndiyo maana nimeandika. Barua nampa konda wa basi la saa sita, nitakutumia ujumbe uje uipokee kituoni.

Kuhusu mimi, wakili alisema jambo langu ni la polisi, na kwamba hilo tutazungumza Jumatatu baada ya wewe kutoka. Muhuri ameuchukua. Wakikuuliza kuhusu kaka yako, usinitetee hata neno moja. Najua ulimi wako ukishika mtu wa kumtetea hauachii. Huyu mwachie. Mimi nitakuwa hapo nje, kwenye ngazi, siwezi kukaa mbali, ila sitaingia na sitasalimiana na mtu.

Ukichukia, chukia. Uking'aka mbele ya kinyozi na mama wa chai, ng'aka, nimeshawaambia wote wawili leo asubuhi. Kinyozi aliendelea kunyoa. Mama wa chai alinisuta kama zamani, kisha akauliza utafikia wapi Jumapili ukifika, kwake kuna kitanda.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie nitakuja kumwona nikiruhusiwa kuja. Habari yenyewe mwambie wewe, polepole, mchana, akiwa amekaa. Baba mdogo na wote waulizao habari zangu wasalimie. Barua hii utaona haina ule muhuri wangu wa mzaha wa "Imepitishwa na Mkurugenzi" niliozoea kukugongea chini. Safari hii ni mkono tu.

Wako, kaka yako,
Mchonga mihuri wa chini ya ngazi.

Nimerudia kusoma mwanzo wa barua nikataka kuuchana. Nimeuacha ili uone nilivyo nikiwa kwenye raha zangu. Sikuikuta foleni siku ile kwa sababu sikupanda ngazi. Kiti hakuna aliyenivutia, chai sikunywa. Yale maneno kwamba serikali itajuta yalikuwa yangu. Ile bahati yote ilikuwa uongo.