Kwa Wided, Juu ya Makala Yako ya Visima

Ndiyo, mjukuu wangu, wanafunzi wako wamekuja, usiwe na wasiwasi. Wote wamo sebuleni, viatu vyao vimejaa mlangoni, na bibi yako ameshawagombeza. Umetimia mwaka tangu ulale pale hospitali, hapa hapa Sfax, usiamke tena. Na mimi mpaka leo asubuhi nikimenya chungwa naligawa mara mbili, halafu nakaa nikiliangalia lile pande la pili.

Wenzako wa chuo waliandika mengi juu yako, maneno makubwa makubwa. Mimi shule niliiacha nikafuata mizeituni, kwa hiyo nasema ninayoyajua. Ulikuwa mpole. Chai ulikunywa ikishapoa. Ulikuwa unaimba vibaya, Mungu akurehemu, na huachi. Na kazi yako ilikuwa kuwafundisha hawa watoto wa shahada ya pili kutengeneza jarida la sayansi: kupokea makala za watu, kufuta jina la mwandishi ili wakaguzi wasijue wanamkagua nani, kusahihisha, kuchapa. "Hapa haingii mtu kwa sura wala kwa ukoo, Babu," ulikuwa unaniambia. Nami nakujibu, "Basi mimi ningebaki nje." Unacheka mpaka unakohoa.

Na kukataa nako uliwafundisha. Kila barua ya kumkatalia mtu makala yake lazima isomwe kwanza mbele yangu. Sayansi siielewi, lakini tusi nalisikia hata likivaa kanzu. Ghazi, mmoja wa hawa wanafunzi wako, aliposoma ya kwake ya kwanza nilimwambia, "We kijana, huyu mtu kakuibia mbuzi?" Akaichana, akaandika upya. Mwenzake Nesrine akamtania wee, kila akiingia: "Mchungaji, mbuzi hawajambo?"

Sasa leo shida ni yako wewe. Ile makala yako ya mwisho, ya maji ya visima, uliipeleka kwenye jarida lenu bila jina, kama mtu yeyote. Wakaguzi wakaleta swali wakati sisi tumeshakuzika: kile kisima cha upande wa mashamba ya chumvi, mbona ulikipima halafu ukakiacha nje ya hesabu? Na bila jibu la mwandishi makala haipiti. Sheria yako mwenyewe. Watoto wameishikilia mwaka mzima, wanaogopa hata kuitazama. Kaka yako Slim kapekua kompyuta yako yote, hakuna kitu. Kisima chenyewe kimeshafukiwa. Na jarida linakwenda kuchapwa wiki ijayo.

"Babu, si wewe uliyekuwa unampeleka?" Nesrine akaniuliza. "Hakukwambia neno?"

Nilikuwa nakupeleka, ndiyo. Pale kisimani nilibaki garini, jua lilikuwa kali. Ukarudi na tope mpaka magotini, ukasema tu, "Twende, Babu." Nikawasha gari. Basi. Ningejuaje kwamba kuna siku watu wazima watanizunguka wakitaka lile ambalo hukulisema?

Bibi yako akapandisha hasira. "Jibuni nyie! Si wanafunzi wake nyie? Andikeni chochote!"

"Bibi, tukimjibia tutakuwa tunamsingizia," Nesrine akasema.

"Basi pitisheni hivyo hivyo. Tangu lini marehemu akaulizwa maswali na watoto?"

"Yeye ndiye aliyetufundisha kuuliza, Bibi."

Mama yako akaanza kulia. Na mimi, mwenye nyumba, mkubwa wao wote, nilikaa tu mikono magotini. Ningeweza kuwaamuru. Ningewaamuru nini?

Ndipo Ghazi akatoa karatasi. Akasoma:

"Mpendwa mwandishi, tumeisoma kazi yako kwa heshima. Lipo swali moja ambalo hatukupata jibu lake, na hatuwezi kulijibu kwa niaba yako. Kwa huzuni, hatutaweza kuichapa. Siku yoyote utakapotuletea jibu, mlango uko wazi."

Wallahi nilitega sikio nipate tusi, hata dogo, nimwambie aichane. Sikulipata.

"Iko sawa, Babu?"

"Iko sawa," nikasema. Akaikunja vizuri. Akabaki kaishika, maana hajui aipeleke wapi.

Tunaokukumbuka ni mimi babu yako Hattab, bibi yako Zohra, mama yako Sihem, kaka yako Slim, na hawa watoto wako wa jarida. Hakutapita jua juu ya nyumba hii bila kutajwa wewe.

Bibi yako kaingia na sinia la kuskusi ya samaki, kaliweka katikati. Watu bado wima, kila mmoja anamtazama mwenzake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukaa.

"Haya kaeni," akasema, taratibu sasa. "Tutasimama mpaka lini?"

Tukakaa.