Maji ya Mfereji

Kayole, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Kabla ya salamu, Jerop yuko hai. Shemeji Yosia, rudia hapo: yuko hai. Sasa mkalishe Mama chini, umsomee polepole kwa lugha yetu, na usiruke mahali hata ukiona uchungu.

Mama, hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika huko bondeni, ama bado mnaitazama ikipita juu ya milima? Sisi ni wazima wa kusema tu. Nimechelewa kuandika kwa sababu nimekuwa hospitalini na Jerop, na kwa sababu sikujua nianzie wapi. Mwanao, Baba Jerop, nikimpa kalamu anaishika kidogo, halafu anaiweka mezani na kutoka nje.

Unakumbuka ule mwaka wa njaa, wa unga wa njano, tulimleta Jerop kwako kwa sababu mfereji wenu haukukauka. Alikaa hata akasahau Nairobi. Januari mlipomrudisha aanze darasa la kwanza, alikuwa amenenepa, na Kiswahili kimemtoka chote. Nilifurahi, Mama. Sikukushukuru vya kutosha.

Sasa nikuambie habari za mwanao na kazi ya mikono yake. Nyuma ya ploti yetu kuna mtaro mkubwa unaotoka huko viwandani. Maji yake hayalali, kiangazi au masika. Mwanao akirudi kazini alikuwa anasimama pale anayatazama, anasema watu wa Nairobi ni wajinga, maji bure yanapita na wao wanayaruka kama mavi ya ng'ombe. Nikamwambia yananuka. Akaniambia hata yetu hunuka tope mvua ikinyesha. Kichwa chake unakijua, wewe ndiwe uliyemzaa.

Basi akachimba. Kila jioni, na Jumamosi mchana kutwa. Akaziba mtaro kwa mawe na nyasi vile marehemu babake alivyomfundisha, akayavuta maji mpaka kwenye kile kipande cha shamba letu, na yakafika! Vijana wa hapa wakamwita Mzee wa Mtaro. Alikasirika sana. Akawaambia huu si mtaro, huu ni mfereji, na neno hilo la mfereji akalisema kila siku hadi Jerop akalishika. Sukuma wiki ikaota majani mapana, hata mimi nikanyamaza.

Kosa lake nimelifikiria sana. Kwetu mtu akifua nguo kwenye mfereji huko juu, wazee watamwita na mbuzi wa faini atatoka. Mwanao alidhani kila maji yanayotembea yana wazee wake. Haya hayana mzee. Siku moja ni ya buluu, siku nyingine yana povu, na aliye huko juu hajui kama huku chini kuna watu.

Mlango wa pili kutoka kwetu anakaa Mama Nduku, Mkamba wa Machakos, mumewe ni mchongaji wa vinyago. Huyo ndiye rafiki yangu hapa. Nikienda sokoni na vitunguu vyangu humwachia Jerop, acheze na Nduku wake ambaye ni rika lake. Siku ile Mama Nduku alikuwa na shughuli dukani, akawaambia watoto wasiguse maji ya kwenye pipa, kiu ikiwashika wanywe ya mfereji tu.

Mama, hapa ndipo pameniua. Hapa Nairobi watu wakisema mfereji wanamaanisha bomba, lile la chuma unalofungua kwa mkono. Jerop anajua mfereji mmoja tu hapa Kayole, wa baba yake. Na bomba siku hiyo lilikuwa kavu. Nduku alizaliwa hapa, akamwambia ule ni mtaro, ni mchafu. Jerop akamcheka. Akamwambia kwa Kogo, bibi yake, ndiyo kwako, watoto wote hunywa hivi, akapiga magoti, akakinga mikono, akanywa. Nduku naye akapiga magoti.

Jioni walikuwa wanatapika wote wawili. Nduku alifariki kesho yake asubuhi.

Jerop wakamwekea dripu. Lakini alifunga mdomo, Mama. Alimwona Nduku akifunikwa shuka, na tangu hapo hakuna maji yaliyopita. Chai anatema. Uji anatema. Ya chumvi na sukari anageuza uso. Daktari akaniambia waziwazi kwamba asipokunywa hataishi. Nilimbembeleza, nikamfinya, nikampiga kofi la mguu, Mungu anisamehe.

Baada ya mazishi Mama Nduku akaja kumwona. Akamuuliza kwa upole ilikuwaje. Na Jerop kwa Kiswahili chake kibovu akamweleza yote: wewe ulisema ya mfereji, nikampeleka Nduku kwa mfereji wa baba. Mama Nduku aliinuka. Alijifunga leso yake vizuri, akaondoka. Nikajua simwoni tena, na sikumlaumu. Wewe nilikulaumu kidogo, kwa kumfundisha kunywa kwa mikono. Nimeacha.

Siku ya tatu akarudi. Amebeba chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Zamani tukisukana nywele nilimwambia kwamba wewe huziba chupa zako kwa gunzi la mahindi, nikacheka, kumbe alilishika. Akaketi kitandani, akampa Jerop chupa aishike.

“Kogo wako amekutumia,” akasema. “Ni ya mfereji. Wa kwenu, si wa hapa.”

Jerop akaligusa gunzi. Akalinusa. Halafu akanywa, Mama, akanywa mpaka nusu huku Mama Nduku ameshika kitako cha chupa. Yalikuwa maji ya bomba aliyochemsha kwake. Baadaye nilimkuta kwenye korido, amekaa sakafuni analia, na kwenye mazishi hakuwa amelia.

Tangu hapo anakuja kila siku na chupa. Daktari hajasema atapona. Anasema mkojo bado ni kidogo, tungoje. Mimi nangoja. Mwanao amefukia ule mfereji wote kwa mikono, sukuma ameing'oa, na akikutana na mchongaji njiani anavuka barabara. Mchongaji naye hivyo hivyo. Sisi wanawake tunapita katikati yao.

Nisalimie wazee wa mfereji, uwaambie wasimcheke mwanao. Nisalimie shangazi wa kwenye kinu, na mama mkwe wa Yosia, na yule jirani aliyempa Jerop kifaranga. Kifaranga ni kizima.

Jambo moja nakuomba, ndilo lililonifanya niandike. Jana Jerop, chupa ikiwa mdomoni, aliuliza kwa nini Kogo hakumtumia Nduku. Mama Nduku ndiye aliyejibu, na mkono wake haukutoka kwenye chupa.

“Alituma,” akasema. “Yalichelewa.”

Basi, Mama, Jerop akipona nikamleta huko, naye akakuuliza, usishangae wala usiniangalie mimi. Ulituma chupa mbili.

Mimi mkaza mwanao,
Mama Jerop