Mifuko Yako ya Mashamba

Kolwezi, siku ya Mungu

Baba Darlène,

Salamu sina ya kukutumia. Ndugu yako Ruffin aliniletea barua yako. Haukuuliza hata kama mutoto alipona. Uliuliza mifuko! Ile tano ya nailoni uliacha nyuma ya mulango, ukaniambia: “Usiguse, nitarudia kuchimba madini ku mugodi ya Mashamba.” Leo unataka nikutumie kule Sandoa, juu mahindi ya Falonne, bibi yako mupya, imekauka na hamuna kwa kuitia.

Mifuko haiko. Niliifumua yote, uzi kwa uzi, nikakamata kroshe, ile sindano ya ndoano, nikatengeneza bitu bya kusugulia nyungu. Bamama ba mu kartiye, majirani yetu, banabipenda: unasugua, unapitisha mu maji, unasugua tena miezi na miezi. Ni ile kazi inalisha mutoto wako.

Ninakutumia kimoja. Falonne asugulie nyungu yako ya kusongea bukari ya mahindi, ajue mifuko iliishia wapi.

Kile cha kwanza nilikijaribia ku sahani yako, ile uliandikaka jina na rangi nyekundu. Jina lilitoka lote, sahani ikabakia. Sasa anakulia mule Darlène.

Usinijibu.

Mbelu, mutoto ya mzee Tshimanga